Hajasema Niache Vitumbua

Makambako

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado linakusumbua ukitoka shambani? Huku sisi wazima, ila baridi ya Makambako sijaizoea, nalala na soksi. Nimeona nikuandikie, kwa sababu chumba chetu ni kimoja na nikipiga simu Gervas anasikia yote. Barua nampa jirani anayekuja Ifakara kwa treni.

Mama, sielewi mume wangu anataka nini.

Kazi yake ya gereji ilipopungua nilimwambia nataka kupika vitumbua. Akajibu, "Fanya unavyoona." Nikafanya. Nikaweka meza karibu na gereji yao, na mchele wetu wa Ifakara watu wakaupenda, kila asubuhi sufuria linabaki tupu. Nikadhani atafurahi. Jioni moja akarudi kanuna.

"Mafundi wananicheka," akasema. "Wanasema siku hizi nalishwa na mke."

"Basi niache?"

"Sijasema uache."

Nikakaa nikafikiri, nikaona huyu anataka niache ila anaona haya kusema. Kesho yake sikuamka. Yeye akaamka, akazunguka mle ndani, mwishowe akanitikisa bega: "Mbona hujawasha moto? Unaumwa?" Nilivyomweleza nimeacha kwa ajili yake, akakasirika kuliko alivyokasirika kwa ajili ya vitumbua. Eti nimeamua peke yangu.

Mama, kuanza niliamua peke yangu kwa sababu aliniachia. Kuacha nako nimekosea. Sasa nishike lipi?

Nikaona nihamie stendi, mbali na hao mafundi. Safari hii nilimuuliza mara mbili. Mara zote alinyamaza. Jumamosi nikaanza kutoa vyombo nje, naye akatoka, akajitwika meza kichwani bila neno, akatangulia. Tulipofika, mama mmoja muuza chai akamuuliza, "Kaka, biashara hii ya nani?"

"Ya kwetu," akasema, tena kwa sauti.

Nilifurahi, sikufichi. Tuliporudi nyumbani akaniambia, "Umehamia stendi bila mimi kukubali."

"Si umebeba meza mwenyewe?"

"Nimebeba kwa sababu ni nzito."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikaenda kuchota maji. Bado napika stendi. Mapato namwonyesha, anaangalia, ananirudishia, anasema nipange mimi. Nikipanga, ananuna kidogo, halafu anakula.

Hivi mama, ulipoongeza lile shamba la pili la mpunga pale Lumemo, baba alikubali, au alinyamaza ukachukua jembe? Nilikuwa mdogo. Nilidhani kila kitu anaamua baba, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anatutangazia mambo wakati wa kula. Sasa nina mashaka. Niambie ukweli, na usimsomee barua hii.

Msalimie baba, mwambie mkwewe hajambo. Msalimie mdogo wangu Veronika, asiharakishe kuolewa mpaka tuzungumze. Shangazi wa Mlimba mwambie nguo aliyonipa naivaa kanisani. Bibi mshikie miguu kwa niaba yangu.

Mungu akutunze, mama. Nasubiri neno lako, hata liwe fupi.

Mwanao anayekukumbuka,
Anastazia