Jiko Nililolifunga Ramadhani

Jumapili. Mawingu tangu alfajiri. Mvua imekataa kunyesha, na mimi nimekataa kutoka nje.

Jana waliniaga. Kazi ya maisha yangu, kwanza mwalimu mkuu hapa Msambweni, kisha afisa wa elimu, ikafungwa kwa pilau, jozi ya leso na kibao cha mbao kilichochongwa maneno: "Kwake hakuna mtoto aliyeshinda njaa." Nilikipokea kwa mikono miwili. Kusifiwa nakupenda, sitaficha.

Na kweli nilihangaika. Nilibisha hodi kijiji kizima cha Munje nikiwatafuta watoto waliowekwa nyumbani. Nikaanzisha uji wa saa nne na chakula cha mchana, nikagombana na wakubwa wangu mpaka jiko likajengwa. Watoto walikuja, hata wale wa bara, kule Kinango, waliokaa kwa shangazi zao ili wasome kwetu.

Halafu, jana hiyo, akasimama Kadzo. Nilimpokea akiwa darasa la nne, mmoja wa hao wa Kinango. Sasa ni muuguzi. Alikuja kunishukuru, na akatuchekesha.

"Mwalimu, Ramadhani jiko lilikuwa likifungwa," alisema. "Mimi na dada yangu si Waislamu, lakini tuliona haya kuuliza. Basi tulikuwa tukienda mferejini na wenzetu waliokuwa wakitia udhu, tukajifanya twatawadha, kumbe twanywa maji. Ulitufundisha subira."

Ukumbi mzima ulicheka.

Nami nilicheka.

Jiko nililifunga mimi, hakuna aliyeniamuru. Niliona ni heshima ya mwezi, tena mpishi apumzike. Dini ya kila mtoto niliijua, maana niliiandika kwa mkono wangu siku ya kumsajili. Nilijua pia kwamba mtoto mdogo hajafaradhishiwa saumu, hata akiwa Mwislamu. Hilo nilifundishwa chuoni kwa maalimu kabla sijang'oka meno. Basi kila mwaka, mwezi mzima, watoto wa watu walishinda njaa katika shule ya mwanamke aliyejisifu kwa uji. Hakuna aliyelalamika, nikadhani wameridhika. Mtoto mgeni mwenye adabu hulalamika kwa nani?

Leo asubuhi nimempigia simu mwalimu mkuu wa sasa, mtu mpole. Ramadhani inaingia wiki ijayo. Nimemwomba jiko liwashwe kwa ajili ya wasiofunga.

"Lakini Mwalimu," akasema, "hiyo ni kanuni yako. Tangu uondoke hakuna aliyethubutu kuigusa."

Nikamuuliza wazazi watakutana lini.

Jumatano kuna kikao cha wazazi. Nimemwambia nitakuja nisimame mbele yao, niseme kanuni ile ilikuwa kosa, na kosa ni langu. Wako watakaonong'ona kwamba Bi Mwanasha amestaafu kazi na dini pamoja. Na wanong'one. Hao nitawaweza, mdomo ninao.

Kibao nimekigeuza kikaelekea ukutani.

Aliyenishinda ni Kadzo. Nambari yake ninayo tangu jana, na kila nikiitazama najiuliza: mtu aliyekwisha kukushukuru, utamwombaje radhi?