Ijumaa ya Wasichana

Mowlem, Nairobi
Alhamisi jioni

Kwako kaka yangu Aqil,

Salaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, umekula, na umefua lile shati la kijani ambalo Mama anaamini halijaonja sabuni tangu uende Eldoret. Sisi hapa hatujambo. Baba bado anafungua duka pale Kariobangi kabla mwenye hoteli ya jirani hajawasha jiko, na mgongo unamsumbua kiasi cha kulalamika lakini si kiasi cha kwenda hospitali. Mama anauliza kama baridi ya huko umeizoea. Mdogo wetu Sundus meno ya mbele yameng'oka, sasa anapiga mluzi kila akitaja jina lake mwenyewe, na analitaja kutwa.

Utashangaa kwa nini naandika barua kama watu wa zamani na huku simu zipo. Simu ninayotumia ni ya Mama, nawe unajua Mama husoma kila kitu, hata matangazo. Isitoshe, kwa simu ungenikatiza. Una tabia ya kucheka kabla mtu hajamaliza, na leo nataka unisikilize mpaka mwisho.

Habari yenyewe ni ya shule, ile ile uliyosoma wewe. Mimi sasa ni kipa wa timu ya wasichana. Ndiyo, mimi niliyekuwa nikifunga macho ulipokuwa ukinipigia mpira wa karatasi kule koridoni. Nahodha wetu ni Mbinya, msichana mrefu wa kutoka Kayole, ambaye akikutazama vibaya unamrudishia mpira hata kama ni wako. Timu tulikuwa nayo, kucheza ndiko kulikuwa hakuna. Wavulana wana uwanja kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi. Siku ya wasichana ni Ijumaa. Na Ijumaa, kama hujasahau, ndiyo siku ya usafi wa shule nzima. Kengele ya michezo ikilia, sisi tunashika ndoo na matambara tupige deki madarasa, kwa sababu inasemekana mvulana akiosha sakafu anaacha tope. Wao wanaokota karatasi uani, wanamaliza, wanaenda zao nyumbani. Tukija kumaliza sisi, askari wa langoni anatikisa funguo akituambia tufanye haraka. Uwanja unabaki pale, wetu kabisa, na hakuna wa kuukanyaga.

Mbinya alikwenda kumlalamikia Mwalimu Wekulo, mwalimu wa michezo. Unamjua, ni mtu mwenye roho safi, na hilo ndilo lililotuchosha zaidi, maana mtu mbaya ungemkasirikia ukapumua. Alihuzunika kweli. Alimwambia Mbinya kwamba shule nyingi za huku haziwapi wasichana hata nusu saa, na sisi tumepewa siku nzima pamoja na mpira, kwa hiyo tujitahidi kuitumia vizuri. Mbinya alirudi kwetu akasema tumeambiwa tuitumie vizuri siku yetu, basi tutaitumia.

Ijumaa iliyofuata tulipanga ndoo zetu mstari mmoja nje ya maabara, tukazijaza maji, tukaweka tambara juu ya kila moja, kisha tukaenda uwanjani. Kaka, sijui nikuelezeje. Nilianguka nikachubuka kiwiko, nikafungwa mabao mpaka nikaacha kuona haya, na sikutaka jioni iishe. Jumatatu asubuhi wakaja wakaguzi wa elimu, wasiotarajiwa na mtu, wakakuta maganda ya njugu chini ya madawati. Mchana huo timu ikasimamishwa, na kila mmoja wetu akaambiwa asirudi bila mzazi.

Hapa ndipo nilipofanya jambo la kijinga. Nilidhani Baba akisikia neno mpira, basi mwisho wangu umefika. Nikamwendea Mama Akech, jirani yetu anayeuza mboga pale chini ya ngazi, nikamwomba aje shuleni awe shangazi yangu. Si mimi wa kwanza katika mtaa huu kuazima mzazi, wewe mwenyewe unajua. Alikubali kwa moyo mmoja, akajifunga buibui la Mama nililolitoa kwenye kamba bila ruhusa. Mwalimu Wekulo akamtolea salaam ya Kiislamu, naye akaitikia, Bwana asifiwe. Hata hapo ningeweza kupona. Kumbe mwalimu hununua sukuma wiki kwake kila jioni. Alimsikiliza shangazi yangu kwa adabu mpaka mwisho, akamshukuru, akamwomba amwekee fungu lake la siku zote, kisha akampigia Baba simu.

Baba alikuja na aproni ya duka, hakuivua. Hakuniangalia. Mwalimu akamweleza yote, na alipofika kwenye siku ya wasichana akasema kwamba mzee Abdurahim angepaswa kujivunia, kwa kuwa siku hiyo ilitokana na mwanawe. Akasema wavulana walitaka uwanja siku zote tano, na nahodha wa wakati ule, Aqil, ndiye aliyesimama akawaambia wawaachie wasichana Ijumaa, mpaka akapigiwa makofi gwarideni.

Mimi nilikuwa sijui. Ulikuwa hujawahi kuniambia. Baba alitabasamu mpaka nikaona meno yake ya nyuma, kama siku ile matokeo yako ya mtihani yalipotoka. Halafu nami, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nikamwomba mwalimu amweleze Baba nani huosha madarasa Ijumaa. Mwalimu akasema ni wasichana. Baba akauliza, sasa wanacheza lini. Mwalimu akasema Ijumaa. Baba akauliza tena swali lile lile, taratibu, kama anavyomuuliza mteja aliyerudisha unga ulioliwa nusu. Baba akasema hiyo ni sawa na kumwambia mtu sukari ipo, ila inauzwa duka likiwa limefungwa. Tabasamu lake lilikuwa limekwisha, na nakuambia kweli, nilikuonea huruma.

Timu ikafunguliwa siku hiyo hiyo. Kuhusu kubadilisha siku, mwalimu akasema mikono yake imefungwa. Frankline, nahodha wa wavulana wa sasa, alikuwa kidato cha kwanza wewe ukiwa cha nne, na bado anakuita Captain. Alipoulizwa alisema, "Sir, hiyo ni rule ya Captain Aqil, hiyo haiguswi." Wewe ndiye uliyewafikisha ngazi ya kaunti, na neno lako huko uwanjani ni kama limeandikwa kwenye saruji. Mwalimu akasema Aqil mwenyewe akitoa ruhusa, atabadilisha bila ubishi. Njiani Baba aliniambia mambo mengi kuhusu buibui la Mama, na kuhusu mpira akasema neno moja tu, nikuandikie.

Nilipaswa kukuandikia siku ile. Sikuandika. Mashindano ya kanda yalikuwa yamekaribia, na Mbinya alikuwa akinitazama kila asubuhi. Basi sasa nasema, na Mungu anisamehe. Nilimwendea Mwalimu Wekulo, Frankline akiwa pale, nikamwambia umepiga simu. Nilisema umesikia yote na umeona haya. Nilisema umetaka wasichana wapewe Jumanne na Jumatano, na Ijumaa kila mtu ashike tambara, mvulana kwa msichana. Nikaongeza kwamba ulisema ulikuwa mdogo wakati ule na hukufikiria. Mwalimu alivua miwani akaifuta. Frankline akainamisha kichwa, akasema, "Kama ni Captain amesema, sawa."

Jana tulicheza, kaka, Jumatano, uwanja ukiwa na nyavu. Baba alifunga duka mapema, akasimama nyuma ya goli langu, akinielekeza vibaya.

Sasa Mwalimu Wekulo atakupigia Jumatatu akushukuru. Ndiyo maana nampa barua hii binamu yetu Lutfi anayekuja huko kesho, nimwombe akutilie mkononi. Akikupigia, unaweza kusema hukusema kitu. Ni haki yako, ni jina lako nililolitumia. Nitasimama mbele ya Mbinya na wenzangu niwaambie nilidanganya, na tutarudi kwenye ndoo. Sitakununia, ama nitakununia kidogo tu.

Utaniuliza kwa nini sikukuuliza kwanza. Niliogopa, Aqil. Mwakani wewe utakuwa mwalimu wa michezo, utagawa siku katika shule ya watu, na niliogopa nikikuuliza utacheka, kisha utaniambia Ijumaa nayo ni siku. Nisingejua pa kukuweka moyoni mwangu baada ya hapo. Yule kaka niliyemweleza mwalimu habari zake ni mtu mzuri sana. Nilimtunga haraka haraka nikiwa nimesimama, lakini vipande vyote nilivitoa kwako. Tafadhali, Jumatatu simu ikilia, pokea kama yeye.

Mama anakusalimu, Baba anakusalimu, Sundus amesema nikuandikie kwamba amekuwa mzee. Mama Akech pia anakusalimu na anataka ujue yeye ni shangazi yako. Vaa sweta. Mungu akulinde huko uliko, na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dadako akupendaye,
Lela