Kisima cha Laini

Jumatatu, 3 Februari 1958

Dokta Pell, mkuu wa chuo, ameniita asubuhi. Mwezi ujao chuo kitafungua milango — wakulima, watu wa serikali, mgeni kutoka London. Kila idara ionyeshe utafiti wake: kemia, fizikia, biolojia. Kazi ya kuukusanya wote nimepewa mimi. "Una mwandiko mzuri, Khaemba." Digrii ya Makerere, na kinachosifiwa ni mwandiko!

Hata hivyo nimefurahi. Nilitaka kumwambia mtu. Walimu wenzangu walikuwa wanakunywa chai kwenye chumba chao cha wazungu, ambako mimi siingii. Nikashuka hadi laini za wafanyakazi, zile safu za vibanda vyao. Wanaume walikuwa wanapiga kelele juu ya mchezo wa bao. Waliponiona wakanyamaza. Mmoja akainuka kunipa kiti. Sikutaka kiti. Nikarudi.

Nyumba yangu iko peke yake, kati ya bangaloo za wazungu na laini. Hata kuku wa watu hawafiki. Mke wangu Milcah bado yuko Kimilili anafundisha, hajapewa uhamisho. Ugali wa mtu mmoja haupikiki. Ama unabaki, ama haushibishi.

Alhamisi, 6 Februari

Nimesoma kazi za idara zote tatu. Watu wa fizikia wamepima joto la visima: vile virefu vinatoa maji ya uvuguvugu, kwa sababu ya moto wa chini ya ardhi hii yetu. Watu wa biolojia wana ndama wenye meno ya kahawia, yamelika, hawajui kwa nini. Na mimi, mtu wa kemia, na dawa yangu nyekundu ya kupima maji. Maji yakiwa mazuri, wekundu unabaki. Yakiwa na madini ya fluoridi kwa wingi, wekundu unafifia, unakuwa manjano.

Kila mtu ameandika yake na kufunga mlango. Mimi nikaziweka kazi zote kwenye meza moja. Kisima kilekile! Chenye joto kuliko vyote, kinachonywesha ndama wale, kinachofifisha dawa yangu hadi manjano ya mkojo. Ndicho kisima cha laini. Familia zote zinakunywa hapo.

Nilisimama katikati ya labu. Nilitaka kusema, "Njoo uone!" Nimwambie nani? Nikajisemea kwa Kibukusu. Sauti yangu mwenyewe ikanishtua.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya kanisa nimewatazama watoto wakicheka. Sikuwa nimewahi kutazama kweli. Meno yamekoza kahawia, mengine yana mashimo madogo kama mawe ya huku.

Nikamwuliza Chepkorir, yule anayefua nguo za chuo. Akacheka. "Mwalimu, hayo ni meno ya huku tu. Ni kama vumbi." Halafu akamvuta binti yake mkubwa, akamfungua mdomo. Meno meupe kabisa. "Huyu nilimzaa Keringet. Akaja hapa akiwa ameshaota meno." Akaacha kucheka. Akaniangalia. "Kwa nini unauliza?"

Nikasema naulizia tu. Mwoga!

Vitabu vinasema fluoridi hula meno kwanza. Mifupa baadaye.

Jumanne, 18 Februari

Nimemwambia Dokta. Alisikiliza mpaka mwisho, akazitazama chupa zangu kwenye mwanga, akasema kazi ni safi. Si mtu mbaya. Ndiyo shida yenyewe.

Nikauliza kama bomba la mto, lile linalopeleka maji kwenye bangaloo, haliwezi kushushwa hadi laini. Akasema maji ya mto kiangazi hayatoshi hata huku juu. Akasema mambo haya yana wakati wake. Siku ya wageni nionyeshe maji ya ziwa na ya mto, yanapendeza, manjano na nyekundu. Cha laini nikiache. "Baadaye tutaona." Na makala ya visima itakapotoka kwenye jarida London, jina langu litakuwa pale, pembeni ya lake.

Jina langu! Nimelibeba hadi nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Jumatano, 26 Februari

Owuor alikuja, kama kila Jumatano. Ndiye mwendesha injini ya kisima, na ndiye peke yake anayebisha mlango wangu. Huwa tunacheza drafti, ananiibia kete, tunagombana, tunacheka. Leo sikuweza kunyamaza. Nikamwambia.

Aliweka kete chini. Halafu: "Wewe Khaemba. Hicho kisima nimekilea tangu siku mashine inatoboa. Sasa unaniambia nawapa watu sumu?"

"Sijasema sumu. Pole pole—"

"Kikifungwa, mimi naenda wapi? Na hawa akina mama, unajua mto uko wapi? Kule bondeni! Meno hayajaua mtu."

"Watoto, Owuor."

"Wewe hapa unakunywa ya nini? Ya mvua. Una tangi lako, na kufuli juu yake." Akasimama. "Ni rahisi kuwahurumia watu ukiwa umeshiba maji."

Akaacha chai. Ubao wa drafti bado uko mezani. Sijui nikiutoa nitaweka nini.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Wageni walijaa. Kofia, viatu vya kung'aa, harufu ya tumbaku. Fizikia walikuwa na mashine zao, biolojia mifupa na meno ya ndama kwenye kitambaa cheupe. Kila mgeni alizunguka meza moja, akasema vizuri sana, akahamia nyingine. Hakuna aliyeziunganisha. Mimi nilikuwa mwisho, karibu na dirisha, na chupa zangu. Mto — nyekundu. Ziwa — manjano. Na ya tatu, nayo manjano. Niliileta mwenyewe asubuhi. Sikuwa nimeamua kitu. Niliiweka tu pale.

Akaja mama mmoja mzungu, mke wa mkulima wa upande wa Bahati. Akainama. "Hii ni ziwa, nimeelewa. Na hii je?"

Dokta alikuwa nyuma yake. Akasema haraka, hiyo nayo ni ya ziwa, upande mwingine.

Ningenyamaza ningekuwa bado na kila kitu.

"Samahani," nikasema kwa Kiingereza. "Hiyo ni ya kisima cha laini. Wafanyakazi wa chuo wanakunywa hiyo."

Yule mama akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Halafu akatazama mifupa ya ndama meza ya pili, akatazama chupa. Akaacha kucheka. "Na watoto wao?" akauliza. Hakuniuliza mimi. Alimwuliza Dokta.

Dokta akatazama saa yake.

Baadaye, wageni wakiwa kwenye nyasi, Dokta alikuja labu. Hakupaza sauti. Alisema, "Nilikuwa nataka kukusaidia." Nadhani ni kweli. Akanyoosha mkono, akataka ufunguo wa labu.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Benchi zima langu.

Jumatatu, 10 Machi

Wamefunga kisima! Asubuhi na mapema, mnyororo na kufuli. Wageni wameuliza, kwa hiyo lazima kitu kionekane kimefanywa. Bomba la mto? Hakuna aliyelitaja. Wamefunga tu, basi.

Akina mama wamepita mbele ya nyumba yangu na madebe, wakishuka bondeni. Wamerudi jua kali limewapiga. Mmoja alitema mate penye geti langu. Hakuficha.

Owuor amehamishiwa Elburgon, injini ya kupasua mbao. Lori lilisimama njia panda, nikaenda mbio. Alikuwa juu na godoro lake. Nikasema, "Owuor, sikutaka hivi." Akasema, "Najua." Akageuza uso upande wa Mau. Lori likaondoka.

Mimi nimeambiwa nikae nyumbani hadi nitakapoitwa.

Nilitaka maji mazuri. Nimeleta kiu.

Ijumaa, 14 Machi

Jana nilikwenda mwenyewe laini. Hakuna aliyenipa kiti safari hii. Nikasema: tangi langu liko wazi, njooni mchote, ya watoto kwanza. Waliendelea na shughuli zao. Nikarudi na aibu yangu.

Leo alfajiri nikasikia debe. Chepkorir. Hakunisalimu. Akafungua bomba, akajaza, akajitwika. Nyuma yake wengine, na wengine. Sasa ni foleni hadi barabarani. Wanaongea wao kwa wao, mimi hawanisemeshi. Nimegonga tangi — linalia tupu zaidi ya nusu. Mvua bado. Wingu liko juu ya Menengai lakini ni la uongo, ninalijua.

Saa nne. Gari la Dokta limesimama getini. Ndani yuko na askari mmoja. Injini haijazimwa. Nadhani wamekuja kunitoa kwenye nyumba. Ni nyumba ya chuo, na tangi ni la chuo.

Nimeingia kutafuta koti. Naandika nimesimama. Nilipokuwa natoka Chepkorir alikuwa mlangoni, debe begani, amejaza mlango wote.

"Usitoke," akasema.

Nikamwambia nisipotoka itakuwa mbaya zaidi.

"Sisi bado tuna hasira na wewe, mwalimu. Tena sana. Lakini ukienda na hao, bomba litafungwa." Akageuka, akawaambia wenzake kitu kwa Kikipsigis. Wameacha foleni. Wamekaa chini, wote, kutoka mlangoni hadi getini, na madebe yao. Wengine wananyonyesha.

Dokta ameshuka. Anaita jina langu. Hakuna anayempisha —