Koili Iliyozima Siku ya Harusi

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Salamu zikufikie huko Mombasa. Hapa mtaani Fedha tu wazima. Mamako bado anagombana na majirani juu ya maji, basi ujue ana afya.

Umeniambia umepima koili ya gari la babu yako, ile inayotoa umeme wa cheche za injini, kwa oskiloskopu, mawimbi ya umeme yakaonekana mazuri kwenye kioo, lakini gari huzima njiani. Unauliza kama chombo kinakudanganya.

Hakikudanganyi. Umepima koili ikiwa baridi.

Siku babu yako aliponioa, gari hilo hilo lilitutoa Kariokor likinguruma vizuri. Kabla hatujafika Embakasi, kwenye jua kali, likazima. Shangazi zake wakaanza kusema bibi harusi ana mkosi. Babu yako akafungua boneti, akagusa koili, akaurudisha mkono haraka. Hakutoa neno kali. Aliniomba leso yangu mpya, akailowesha maji, akaifunika koili mpaka ikapoa. Gari likawaka.

Kwa hiyo liendeshe mpaka lizime, kisha pima hapo hapo. Utaona cheche inavyofifia.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemwona babu yako sebuleni kwa baba yangu tu, mpole, amenyoa ndevu. Nilimjua hasa pale barabarani, jasho likimtiririka na shangazi zake wakimpigia kelele.

Na yule kijana unayemsifu kila ukipiga simu, je, umeshakuwa naye gari likizima?

Nyanyako, ambaye leso yake ina doa la oili mpaka leo.