Kijumba cha Tela Kilichopungua Shibiri

Nyumbani kwa Bi Wanu,
Makunduchi,
Kusini Unguja.
Ijumaa, 15 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Hafiz,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Najua kabla hujaichana bahasha umeshaniamkia, maana mama yetu alikulea vizuri, kwa hiyo marahaba, tena marahaba sana. Hujambo wewe, na mkeo Faiza, na Ayoub wangu? Kifua chake kimepungua? Mwambie Faiza shangazi mtu kasema mtoto asilale mbele ya ile mashine ya baridi, hata kama Maskati yote inaungua.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Goti la kushoto linanung'unika nikichuchumaa, na kidole gumba kina kovu jipya ambalo nitakueleza lilikotoka. Moyo ndio sijui nikuambie nini. Upo, unapiga.

Sikutaka kukupigia simu. Kwenye simu nikianza kusema machozi yananitangulia, au wewe unaitwa kazini katikati ya neno. Barua hii naituma kwa daladala hadi kwa Borafya, jirani yangu wa Kiembe Samaki, ampe mkwewe anayesafiri kuja huko wiki ijayo. Isome ukiwa umekaa.

Nimetoka eda Jumapili iliyopita. Miezi minne na siku kumi imekwisha tangu mume wangu Matar aanguke bafuni alfajiri na kuzikwa alasiri ile ile Mwanakwerekwe, na wewe umekaa uwanja wa ndege huko unatafuta kiti. Kwa hilo sikulaumu, nawe usijilaumu. Siku za mwanzo watu walijaa hata viatu vikapotezana. Baada ya arubaini alibaki kunijia Bi Mayasa peke yake, yule mwalimu wa chuo cha Kurani, naye huja mbio mbio kwa kuwa ana wanafunzi wanamngoja. Jioni nilikuwa napika chai ya watu wawili, namimina kikombe cha pili, ndipo nakumbuka. Nimeuona upweke, Hafiz, sikufichi. Kuna siku nilizungumza na birika.

Sasa nikupe habari za tela. Matar alikuwa na tela ndogo ya magurudumu mawili, aliinunua ili amchukulie mwani dada yake Mwatum huku Makunduchi. Mwani ulipokosa bei, tela ikaja kuota kutu uani kwetu. Mwaka jana akaona kwenye simu wazungu wamejenga kijumba cha kulala juu ya tela kama ile. Mbele kimevimba, nyuma kimeteremka, umbo la tone la maji. Ndani ni godoro tu, na nyuma kuna kifuniko cha kuinua, chini yake jiko. Wiki nzima hakuzungumza jambo jingine.

Unaijua shida yetu ya ukweni. Nyumba ya mama yake, Bi Wanu, ina vyumba viwili, kimoja chake na kimoja cha Mwatum. Kila tulipokuja kumtazama mimi nililala na wanawake, na Matar akaenda kujilaza barazani kwa jirani. Mtu na mkewe, miaka thelathini na moja ya ndoa, tunaagana baada ya isha kama wachumba! Akasema atajenga chumba chetu wenyewe, tutakuja nacho na tutaondoka nacho.

Aliwahi kumaliza sakafu na kununua plaiwudi. Vipimo vyote aliviandika kwenye daftari la shule, kwa mikono na shibiri. Futi kamba ilikuwemo sandukuni, lakini baba yake alijenga kila kitu kwa kupima na mkono wake, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, na Matar hakuona sababu ya kubadilisha. Futi kamba alikuwa akiifungia mbuzi wakati wa Iddi.

Mwezi wa pili wa eda nikaichukua kazi mwenyewe. Nilimuuliza kwanza Bi Mayasa, akasema ua ni nyumba, mradi lango limefungwa na mwanamume wa kando hanioni. Basi nikafunga lango. Jirani waliposikia msumeno wa umeme unalia kwa kizuka, mjane aliye edani, walidhani nimepagawa, wakamtuma mtu aje kunichungulia. Bawaba na skrubu Borafya alininunulia Darajani, akanipitishia chini ya lango kama anayemlisha mfungwa. Plaiwudi nyembamba ya paa niliilaza chini nikaifunika magunia ya maji siku mbili, hata ikakubali kupinda. Kidole gumba kilipata jeraha lake siku hiyo. Wanawake wakipita nje wakaniuliza kama najenga banda la kuku, nami nikawajibu ndiyo, la kuku mmoja.

Hapo ndipo nilipokosea. Daftari linasema ubavu ni mikono mitano, na kitanda mikono minne. Nikaweka kiwiko changu juu ya ubao, nikahesabu, nikakata. Mbavu zote mbili, na ukuta wa kutenga jiko. Nilipozisimamisha juu ya sakafu yake zikapungua zaidi ya shibiri. Nikapima tena mara tatu. Nikaanza kufikiri labda tela imerefuka.

Kisha nikafahamu. Daftari liliandikwa kwa mkono wake, na mkono huo uko Mwanakwerekwe. Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao nikalia kuliko nilivyolia siku ya maziko, maana siku ya maziko walikuwepo watu wa kunishika.

Plaiwudi nyingine sikuwa nayo, nikaendelea hivyo hivyo. Kipande cha sakafu kilichobaki wazi nyuma nikakifanya kibaraza cha jiko la gesi. Kitanda kinanitosha mimi sawasawa. Matar angelala humo magoti yamefika kidevuni. Lakini upana niliufuata wa tela yenyewe, kwa hiyo ni wa watu wawili, na upande wa pili naweka nguo. Mwezi wa mwisho wa eda nililala humo kila siku, kwa sababu chumbani kwetu sikupata usingizi tangu alipotolewa Matar.

Nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Unajua kwamba Bi Wanu hakuambiwa. Mwatum alisema moyo wa mama ni mbovu, miguu haimtoi nje ya ua, basi habari hii itamuua bure. Wakamwambia Matar amekwenda Maskati, kwako, kufanya kazi. Mtaa mzima ukaambiwa ufunge mdomo, ukafunga. Nawe ukaombwa umpigie kila Ijumaa umpe salamu za mwanawe. Mimi nilikuwa ndani na eda yangu, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ni sawa na kusema uongo huo. Kila Ijumaa baada ya sala nilijua kwamba saa hiyo mama anacheka kwa salamu za mtu aliye kaburini, nikaifunika sahani yangu ilivyo.

Jumanne Borafya akaifunga tela nyuma ya pikapu yake tukatoka. Nilikuwa sijaiona barabara tangu Julai. Kwenye matuta ya Jozani kifuniko cha nyuma kilifunguka, masufuria yakalia njia nzima, na kima punju wakakaa pembeni kututazama kwa dharau. Nilicheka, nikageuka kumwambia Matar, nikamkuta Borafya.

Mwatum alinipokea langoni, akanikumbatia, na mdomo wake uko sikioni mwangu.

"Usimwambie kitu, wifi. Nshakuomba."

Bi Wanu alisikia gari akataka atolewe nje aione nyumba ambayo mwanawe alimwambia anaijenga. Tukamkalisha kwenye kiti. Akazipapasa mbao, akaifungua na kuifunga milango yote miwili, kisha akataka alale humo ajaribu. Nikambeba. Hana uzito tena, Hafiz, ni kama kubeba nguo za kufua. Akajinyoosha kwenye godoro, na nyayo zake zikagusa ukuta. Bi Wanu ni mfupi kuliko mimi, ila alikuwa ameteleza kidogo. Akavitazama vidole vyake vya miguu.

"Salhiya."

"Naam, mama."

"Mwanangu hatoshi humu. Nimemzaa mimi, nnamjua urefu wake. Hiki umekijenga wewe."

"Ndiyo, mama."

"Mbona hukumngoja arudi?"

Nilikuwa na majibu matatu ya uongo niliyoyatayarisha njiani. Mwatum alikuwa nyuma ya mlango anatikisa kichwa. Nikamtazama yule mama amelala mahali pangu, kanikazia macho, anasubiri. Sikuweza. Nikamwambia Matar harudi, Matar amefariki mwezi wa Julai, na mimi ndiyo kwanza nimetoka eda yake.

Hakupiga kelele. Akaniuliza amemwosha nani. Akaniuliza saa ya maziko, na kama mvua ilinyesha, na kama alisema neno kabla ya kukata roho. Nikamjibu kila kitu, hata kwamba hakusema. Akauliza leo ni siku gani. Nikamwambia Jumanne.

"Basi nitoe humu, unitandikie mkeka. Nimefiwa."

Tukatandika mkeka, tukakaa sisi wawili. Mwatum alichukua kamba zake za mwani akaenda pwani bila ya kunitazama. Wanawake wa jirani walikuja mpaka langoni, wakasimama, wakarudi. Miezi minne wamekaa na mama huyu wakicheka naye na wanajua, sasa hawakujua waje kumhani, kumpa pole ya msiba, kwa uso gani. Msiba wa mtoto wa Makunduchi, Hafiz, na watu ni wawili, na mmoja wao ndiye aliyeuleta. Jumatano walikuja watatu. Mwatum aliacha sufuria ya uji mlangoni akaenda zake. Jana akaingia, akakaa upande wa miguu ya mama yake, akaanza kumkanda. Mimi bado hanisemeshi, na sijui kama nina haki ya kusemeshwa. Wapo waliosema nimetaka kumuua mama wa watu kwa sababu ya moyo wangu mwenyewe. Huenda ni kweli. Nilikuwa nimechoka kumlilia Matar peke yangu.

Na hata hilo sikulipata. Nilidhani nikimwambia tutakuwa wawili katika huzuni moja. Yeye anamlilia mtoto aliyemnyonyesha na kumpeleka chuoni kwa fimbo. Mimi namlilia mzee aliyekuwa akikoroma na kuninyang'anya shuka. Hayo yake siyajui, na haya yangu yeye hayajui. Tunakaa mkeka mmoja, kila mtu na Matar wake.

Nitakaa huku mpaka arubaini yake itimie, ile inayohesabiwa kuanzia Jumanne. Borafya amerudi mjini na pikapu, kwa hiyo hata nikitaka kukimbia tela haiendi peke yake. Nimeiegesha ubavuni mwa nyumba, karibu na dirisha la mama. Mvua za vuli zimeanza na paa halivuji hata tone, na natamani kungekuwa na mtu wa kujisifia kwake.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, usimpelekee tena salamu za Matar; simu ya mama nimeizima mpaka barua hii ikufikie. La pili, mpigie kwa simu yangu umhani. Usimwambie pole za zamani, wala usianze kujieleza. Mhani kama unavyomhani mtu aliyefiwa juzi, umwache alie, na usikate simu hata akinyamaza kwa muda mrefu. Ikibidi, omba ruhusa kazini.

Nisalimie Faiza sana, umwambie ile kanga aliyoniletea nimeivaa siku ya kutoka eda. Mbusu Ayoub mashavu yote mawili. Bi Mayasa anakusalimu na anakuuliza juzuu zako umezisahau ngapi. Mwatum hakunituma salamu, lakini nakupa kwa niaba yake, najua atakuja kuzikubali. Mungu akuhifadhi ugenini, akulinde na ajali na maradhi, na atukutanishe tungali tunatambuana sura.

Nilikuwa nimeshaaga, lakini Bi Wanu yupo hapa pembeni yangu na ananishika mkono niongeze moja. Anasema Ijumaa moja ulimwambia kwamba Matar kasema, mama asimngoje kula, chakula kikiiva aanze tu. Anataka kujua kama neno hilo Matar aliwahi kukuambia kweli, siku yoyote alipokuwa hai, au ulilitunga wewe. Hajakukasirikia. Anasema tangu siku ile amekuwa akila kwa neno hilo, na anataka ajue amekula kwa neno la nani. Mjibu kweli, Hafiz, hata kama ni lako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye leo na siku zote,

Salhiya