Fundi Anaongea Vizuri, Ila Jiko Halijui Tena

Mshauri mpendwa, shikamoo. Barua hii nimeifuta na kuiandika upya, naomba usinicheke.

Nimemaliza shule juzijuzi na shangazi yangu, ambaye ni mshauri nasaha, amenipa kazi ya kupokea wateja ofisini kwake, nami namshukuru kwa sababu ndiye anayenilisha na kunilaza, lakini kuna mteja mmoja, fundi cherehani, aliyeugua sonona baada ya kufiwa na mumewe, na sasa anaongea vizuri kabisa, anasema "nimeyapokea maumivu yangu" mpaka shangazi anapiga makofi, "Umemsikia? Yule amepona!", wakati mimi pale mlangoni namwona na gauni lilelile la wiki zote, kiatu kimoja chake, kingine cha marehemu, na juzi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nikifika nyumbani nianze na nini?" nikampa maji.

Bosi wake amesema asiporudi kwenye cherehani mwisho wa mwezi, anaweka mtu mwingine. Hospitali kuna dada wa tibakazi, anayewasaidia wenye maradhi ya akili kurudia shughuli zao, kuoga, kupika, kwenda kazini, hatua kwa hatua. Nilipomtaja, shangazi alicheka: "Mteja wangu akafundishwe kufagia? Wiki ijayo tutaongelea hisia zake kuhusu jiko."

Nikasema, "Sawa, shangazi." Ndivyo ninavyosema siku zote. Nifanye nini?

Mpokea wateja mwenye haya

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti. Nimecheka, nisamehe; hizo hisia kuhusu jiko zimenishinda. Kisha nikaona aibu, maana hata mimi nakula kwa kuongea.

Shangazi yako hana roho mbaya. Ana mdomo mzuri, basi, na makofi yake mwenyewe yamemziba masikio. Mteja akiweza kueleza tatizo lake kama msomaji wa taarifa ya habari, lakini haogi, hapiki na kazi inamponyoka, hapo ndipo pa kumpeleka kwa tibakazi, tena mapema, siyo cherehani ikishapata mwenyewe mwingine. Na kumpeleka siyo kumfukuza! Aendelee kulia kwa shangazi, na kule akajifunze upya kuamka na kushona. Wala wewe usijifanye tabibu. Maji uliyompa yanatosha.

Ila hiyo "sawa, shangazi" uiache. Unangoja ujasiri uletwe na posta? Anza kidogokidogo, kama atakavyoanza fundi. Kesho mpelekee shangazi chai. Weka kikombe. Usitoke. Muulize swali la fundi kama alivyokuuliza: "Nikifika nyumbani nianze na nini?" Akianza habari za hisia, mwambie fundi yuko mlangoni na kiatu cha marehemu mguuni, anasubiri jibu.