Vidole Chini ya Toazi

Dada yangu mpendwa,

Huku sote wazima, ila mimi sina uso wa kumtazama mtu.

Uliniambia kwa hela ile kiduchu ninunue kwanza stendi imara, hata ya mtumba, toazi lifuate. Nikajifanya mjuaji. Nikachukua toazi kubwa linalong'aa, na stendi ya bei ya chee yenye miguu myembamba kama ya kuku. Muuzaji alinionya, "Rahisi ni ghali." Nikamcheka.

Kwenye harusi ya kitinda mimba wetu, wimbo wa kwanza tu, mguu mmoja ukavunjika. Toazi lilikuwa linamwangukia mpiga kinanda, Baba akalidaka. Baba yuleyule anayeita ngoma zangu makelele! Akachuchumaa nyuma ya ngoma na suti yake mpya, akaishikilia stendi mpaka muziki ukaisha.

"Wewe piga tu, mwanangu."

Jana picha zimefika. Bibi harusi akauliza, "Baba, mbona hukuja kutuona tukicheza?"

"Nilikuwa nakula," akajibu.

Nami nikachomoa picha moja, nikaitia mfukoni.

Ndiyo hii ninayokutumia. Tazama chini ya toazi, utaviona vidole vyake.

Ni mimi, mdogo wako asiyesikia la mkuu.